Usukani wa RX-8 unakuwa mzito ghafla, kisha unarudi wenyewe. Mafundi wa Arusha na Moshi, nisaidieni

#1 Rotari wa Njiro (mleta uzi), Jumapili, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma aende akaangalie mpira.

Nina Mazda RX-8 ya mwaka 2004, gia za mkono, ile yenye injini ya rotari 13B. Najua, najua. Nimeshaambiwa yote: inakunywa mafuta, inakula oili, nimerogwa. Oili inakula kwa sababu imeundwa hivyo, inajipulizia kidogo ndani ya injini ili ijilainishe. Tuyaache hayo, leo shida ni usukani.

Ilianza Aprili, masika yamekolea. Natoka nyumbani Njiro asubuhi, nafika Kijenge, nakata kona, usukani ukawa mzito kama nasukuma kabati la nguo. Unageuka, lakini kwa mikono miwili na kifua. Kwenye dashibodi imewaka taa ya usukani yenye alama ya mshangao pembeni. Nikajikokota hadi kando, nikazima gari, nikawasha. Taa imepotea, usukani mlaini kama si yeye.

Siku tisa kimya. Siku ya kumi niko Kilombero sokoni, natoka kwa rivasi, mvua inanyesha, taa zinawaka, waipa zinafuta, AC nimeifungulia ukungu utoke kwenye vioo. Ukagoma tena. Wiki hiyohiyo naenda Moshi kumwona mama mkwe, nikapanda tuta Usa River, gari ilipotua tu, taa ikawaka. Nikazima, nikawasha, nikafika Moshi bila shida yoyote na kurudi bila shida yoyote.

Nimepita gereji mbili, majina nayaacha. Ya kwanza, fundi alifungua boneti akaanza kutafuta kikopo cha haidroliki, yaani oili ya usukani. Hakukiona. Akaniambia "mzee, hiki kidogo hapa ndicho", akafungua kifuniko, chupa ya ATF (oili ya gia za otomatiki, ndiyo humiminwa pia kwenye usukani wa haidroliki) iko mkononi tayari. Nilimdaka mkono. Kile kilikuwa kikopo cha mafuta ya breki! Nilipanda gari nikaondoka bila hata kuaga.

Ya pili walikuja na mashine ya kusoma kodi za makosa ya gari, ikasoma injini tu, ikasema hakuna kosa. Basi wakahitimisha kwamba reki, kile chuma kinachogeuza tairi za mbele ukizungusha usukani, imekufa, nitafute nyingine, milioni moja na laki sita pamoja na ufundi.

Sasa nauliza: reki iliyokufa inafufuka kila nikizima na kuwasha?

#2 Chalii wa Sakina, saa 3:22 usiku

Uza hilo dude, nunua IST. Unaosha, unapanda, unaenda kazini. Ya nini kuteseka arif.

#3 Boksa Mweusi, saa 3:40 usiku

Mkuu pole sana. Usimsikilize huyo wa IST, hajawahi kupenda kitu.

Mimi nina Impreza WRX na nilipitia haya miaka miwili iliyopita, Julai, baridi ya Arusha mnaijua. Asubuhi nikiwasha, usukani unalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia, halafu unakuwa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi. Injini ikipata moto kelele zinapungua. Niliambiwa pampu imekufa. Nikafungua kikopo cha haidroliki, nikaona povu. Hapo nikashtuka, oili haitoi povu bila hewa kuingia.

Kumbe hewa ilikuwa inanyonywa pale bomba la kuingizia oili linapokaa juu ya pampu. Pana oringi ndogo pale, pete ya raba ya kuziba, inakauka, inakuwa ngumu kama plastiki. Oili haivuji nje kwa sababu upande ule unanyonya, hausukumi, kwa hiyo unatafuta uvujaji hadi unachoka. Nilibadilisha oringi, nikainua tairi za mbele, nikazungusha usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi injini ikiwa imezimwa ili hewa itoke. Mpaka leo pampu ni ileile.

Kwa hiyo angalia povu, angalia mkanda kama unateleza, na hiyo oringi.

#4 Rotari wa Njiro, saa 3:51 usiku

Mkuu asante, umeeleza vizuri sana ila kwangu hakuna pampu. Hakuna mkanda wa usukani, hakuna haidroliki, hakuna kikopo. RX-8 usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme iliyo kwenye reki yenyewe. Ndiyo maana yule fundi nusura aniue.

#5 Boksa Mweusi, saa 3:53 usiku

Duh. Basi oringi yangu haina kazi hapa, nakaa pembeni nisome. Lakini ATF kwenye breki? Hiyo inavimbisha raba zote za mfumo, kuanzia silinda kuu hadi kwenye magurudumu. Ulitakiwa umtoze faini.

#6 Waya Mweusi, Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Mleta uzi, shikamoo kama ni mkubwa wangu. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Moshi upande wa Majengo. Nimesoma mara mbili. Swali lako la mwisho ndilo la kuanzia nalo.

Kitu kilichokufa hakifufuki. Mota iliyoungua haiponi kwa kuzima ufunguo. Kinachopona kwa kuzima ufunguo ni maamuzi ya kompyuta. Yaani kompyuta ya usukani iliona kitu haikukielewa, ikaamua kukata msaada wa mota na kukuwashia taa, na haibadilishi uamuzi huo mpaka uzime na kuwasha, ijipime upya. Tunachotafuta ni kile ilichokiona kwa sekunde moja.

Namna inavyofanya kazi, kwa ufupi. Unapozungusha usukani, kuna kijiti cha chuma kwenye njia ya usukani kinachojipinda kidogo sana. Sensa inapima kile kujipinda: umesukuma upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Kompyuta inachukua taarifa hiyo pamoja na mwendo wa gari, inaamua ipeleke umeme kiasi gani kwenye mota. Gari likisimama, tairi zimekandamiza lami, mota inataka umeme mwingi, makumi ya ampea. Ukiwa 80 barabarani karibu haitaki kitu.

Sasa soma tena ulichoandika mwenyewe. Kijenge unakata kona polepole asubuhi. Kilombero unarudi nyuma na taa, waipa, AC vyote viko kazini. Hizo mbili ni za kukosa umeme wa kutosha. Usa River ni nyingine: ulikuwa mwendoni, mota haidai kitu, gari ilipigwa tu. Hiyo ni waya au soketi inayocheza. Nahisi una magonjwa mawili yanayovaa shati moja.

Usinunue reki bado. Jibu haya kwanza:

Betri ina umri gani? Ikiwa imelala usiku kucha inasoma volti ngapi? Injini ikiwa inanguruma inasoma ngapi? Gari imewahi kugongwa mbele au kupigwa rangi? Na taa ikiwaka, je, taa nyingine kama ya ABS nayo inawaka, au usukani peke yake?

#7 Mama Wawili, saa 2:30 asubuhi

Fundi uliyosema ni kweli tupu. Mimi nina Vitz, siyo gari la mashindano lakini nalo usukani wake ni wa umeme. Ulikuwa unagoma kila nikiwa napaki pale kazini asubuhi. Nikaambiwa badilisha reki, laki saba. Kaka yangu akaja na mita yake ya elfu ishirini. Betri asubuhi ilisoma 11.8, gari ikiwaka 12.9. Altaneta, ile inayochaji betri, ilikuwa imechoka, brashi zake zimekwisha. Tukabadilisha brashi, tukanunua betri. Miezi saba sasa sijaiona ile taa.

Mliotaka kunicheka na Vitz yangu, chekeni, ila laki saba yangu ilisomesha mtoto.

#8 Dereva Mstaafu, saa 3:15 asubuhi

Ushauri wa bure: taa ikiwaka ukiwa unatembea, zima ufunguo na uwashe hapohapo mwendoni, sekunde moja tu, usukani unarudi. Nimefanya sana na lori.

#9 Waya Mweusi, saa 3:19 asubuhi

Mzee shikamoo, lakini hapana. Nakuomba kwa heshima zote uufute ushauri huo.

Ufunguo ukipita hadi mwisho usukani unajifunga kwa pini ya chuma, hapo hata uwe na nguvu za ng'ombe hugeuzi. Injini ikizimika breki nazo zinabaki na msaada wa mikanyago michache tu, baada ya hapo unakanyaga jiwe. Fanya hivyo kwenye mteremko wa kuelekea daraja la Kikafu tukuchangie rambirambi.

Usukani wa umeme ukikata msaada haujifungi. Chuma kutoka usukani hadi tairi kimeungana palepale. Ni mzito, na unakuwa mzito zaidi kadiri unavyopunguza mwendo. Kwa hiyo: shika kwa mikono miwili, punguza mwendo bila papara, washa indiketa, toka barabarani, simama kabisa, ndipo uzime.

#10 Dereva Mstaafu, saa 3:40 asubuhi

Marahaba. Lori langu lilikuwa la zamani, halikuwa na kufuli la usukani. Nimekuelewa.

#11 Rotari wa Njiro, saa 7:20 mchana

Niko mapumziko ya mchana. Nikuongezee fundi, kuhusu hiyo zima-washa hata nikiwa nimesimama, kwa RX-8 ina adhabu yake. Injini ya rotari ukiiwasha ya baridi ukaizima baada ya nusu dakika, plagi zinalowa petroli, ikija kuwashwa tena haiwaki. Pale Kijenge mara ya pili ndivyo ilivyonikuta: nilizima ili taa ipotee, nikawasha, ikakataa. Nikapiga stata hadi betri ikachoka. Machalii wa bodaboda wakaja kusukuma huku wananiuliza "kaka, hii ndio ile ya kwenye gemu?"

Majibu: betri sijui umri, niliikuta. Taa ya usukani inawaka peke yake. Kuhusu kugongwa, aliyeniuzia alisema haijawahi. Ila bampa la mbele rangi yake na ya milango haziendani nikisimama juani.

#12 Waya Mweusi, saa 7:31 mchana

Rangi haziendani. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Na hiyo habari ya kulowa ni muhimu kuliko unavyodhani. Unazima ili kufuta taa, inalowa, unapiga stata muda mrefu, betri inashuka, inapowaka usukani unaikuta betri haina kitu, unakata tena. Mzunguko unaojilisha wenyewe. Kuanzia leo, taa ikiwaka injini ikiwa baridi, egesha, iache ingurume ipate moto kwanza ndipo uzime.

Nunua mita ya bei ya chini inatosha. Pima hivi:

Asubuhi kabla hujagusa kitu, betri isome kama 12.6. Ikiwa 12.2 kushuka chini, iko nusu au chini yake. Ikiwaka, isome kati ya 13.5 na 14.5. Halafu washa taa, feni, AC, waipa, mwenzako azungushe usukani gari likiwa limesimama, usukani ukaribie mwisho lakini usiubamize pale mwisho ukaushikilia, unaipasha mota moto bure. Angalia inashuka hadi ngapi.

Kipimo kinachosahaulika ni cha hasi. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, kichwa chenyewe cha risasi, siyo kibano. Nyingine weka kwenye chuma kitupu cha mwili wa gari. Mwenzako azungushe usukani. Ikisoma zaidi ya 0.2, umeme unapotelea njiani kurudi betri. Watu wanahangaika na chanya tu, hasi wanaiona kama ndugu wa kambo.

#13 Chalii wa Sakina, saa 7:45 mchana

IST haina haya yote.

#14 Mama Wawili, saa 7:47 mchana

IST nayo usukani wake ni wa umeme, mwanangu. Tulia.

#15 Rotari wa Njiro, Alhamisi, saa 2:00 usiku

Mrejesho wa kwanza. Nimenunua mita, shemeji yangu ndiye alikuwa mzungusha usukani.

Betri imelala: 12.4. Ikiwaka: 14.1. Vitu vyote vikiwa vimewashwa na usukani ukizungushwa: 13.0, mara inagusa 12.7. Kipimo cha hasi: 0.7! Nikafungua vibano vya betri, ndani kuna unga wa kijani na mweupe. Nikamwagia maji ya moto yenye magadi, nikakausha, nikapiga msasa kichwa na kibano mpaka vikang'aa, nikakaza. Kipimo cha hasi kikashuka hadi 0.1.

Leo nimezunguka mjini nzima, Mnara wa Saa, Sanawari, Ngarenaro, nimepaki na kutoka kama mara ishirini kusudi. Kimya. Fundi, soda yako ipo.

#16 Waya Mweusi, saa 2:12 usiku

Soda usiifungue. Umetibu sehemu ya ugonjwa wa kwanza. Wa Usa River bado hatujaugusa.

#17 Mangi wa Spea, Ijumaa, saa 4:00 asubuhi

Ndugu, mimi nina reki safi kabisa ya RX-8 kutoka Japani, imekuja na gari lililokatwa. Milioni moja na laki mbili kwa ajili yako, nakufungia na gari la mizigo leo jioni kesho unayo. Kwa nini ujisumbue na mita.

#18 Waya Mweusi, saa 4:25 asubuhi

Mangi, heshima yako, biashara siiharibu. Ila reki hiyo nayo imetoka kwenye gari la umri uleule, soketi zake zimepigwa na theluji na chumvi ya barabara za huko. Na sio ya kufunga na kuondoka: usukani wa umeme wa aina hii ukibadilishiwa reki, kompyuta inatakiwa ifundishwe upya katikati ni wapi, kwa mashine inayoongea na mfumo wa usukani. Isipofundishwa, gari linavuta upande. Nani hapa Arusha atamfundishia kwa laki mbili? Akishathibitisha imekufa nitamleta kwako mwenyewe.

#19 Mangi wa Spea, saa 4:31 asubuhi

Sawa meku. Ipo inasubiri.

#20 Rotari wa Njiro, Jumatano inayofuata, saa 12:50 jioni

Fundi ulisema nisifungue soda. Leo Tengeru, tuta lile karibu na soko, mwendo mdogo tu. Taa imewaka. Kavu, hakuna mvua, AC imezimwa. Nikasimama, injini ina moto, nikazima, nikawasha, ikapona. Nikarudi nyuma nikalipita tuta lilelile, haikuwaka. Nikarudia mara nne, watu wa pale walidhani nimechanganyikiwa. Mara ya tano nikalipanda kwa upande, tairi ya kushoto kwanza. Ikawaka.

#21 Boksa Mweusi, saa 1:02 jioni

Mkuu umelipima tuta kisayansi, haha. Mimi ningeshaiuza.

#22 Waya Mweusi, saa 1:30 jioni

Hii ni habari njema kuliko zote. Tatizo unaloweza kuliita likaja ni nusu ya kupona. Lile linalokuja likitaka ndilo linalomaliza pesa za watu.

Jumamosi nina kazi Arusha, Unga Limited, kuna gereji ya rafiki yangu ina shimo. Njoo saa 3 asubuhi. Lete betri yenye chaji na uje na chakula, sitaki kusikia "fundi tuendelee kesho".

Kabla ya hapo usichomoe soketi yoyote mwenyewe. Soketi za manjano chini ya usukani ni za puto la hewa, hizo ziogope kama nyuki. Na kompyuta ya usukani haichomolewi hasi ya betri ikiwa bado imefungwa.

#23 Rotari wa Njiro, Jumamosi, saa 4:00 usiku

MREJESHO. Kaeni.

Tulianza saa 3 na nusu, tukamaliza saa 9 alasiri. Gari likapandishwa shimoni, tukatoa plastiki la chini. Fundi hakushika spana kwa saa nzima ya kwanza. Aliomba niwashe gari, nikae kwenye usukani nizungushe taratibu kulia na kushoto, yeye chini anatikisa nyaya moja moja. Anatikisa, ananiuliza "vipi?", najibu "kimya". Anahamia nyingine. Nikaanza kukata tamaa. Alipofika kwenye soketi ndogo iliyoingia kwenye reki, ile ya sensa, akaigusa kwa kidole tu. Taa! Nilipiga kelele hadi wa gereji ya jirani wakaja.

Tukazima, hasi ikafunguliwa, soketi ikachomolewa. Raba yake ya kuzuia maji imekunjamana upande mmoja. Ndani kuna maji na kutu ya kijani, na pini moja imerudi nyuma, haijakaa sawa na wenzake. Fundi akasema sensa ikipoteza mawasiliano hata kwa kufumba na kufumbua, kompyuta haijui tena dereva anasukuma upande gani, na ni bora ikate msaada kuliko kukusukumia upande usioutaka. Kwa hiyo muda wote ule ilikuwa inanilinda, mimi naitukana.

Akasafisha kwa dawa ya kupuliza ya kontakti na brashi ya meno, akakausha kwa hewa, akairudisha pini mbele hadi ikalia "tik", akapaka grisi ya umeme, akanyoosha raba. Soketi ile nene ya umeme wa mota akaifanyia hivyohivyo ingawa ilikuwa na nafuu.

Nikadhani tumemaliza. Akaniambia, "bado rangi". Nilikuwa nimeshasahau.

Akafuata ule waya mnene mweusi wa kompyuta ya usukani hadi ulipofungwa kwenye mwili wa gari. Akapima kama tulivyopima nyumbani, kati ya hasi ya betri na mwili wa gari: 0.1, safi. Halafu akahamisha ncha ya mita kutoka kwenye mwili wa gari, akaiweka kwenye kile kitanzi cha waya chenyewe, sentimita mbili pembeni. Nikazungusha usukani. Ikasoma 1.4, ikapanda 2.9, ikashuka, ikapanda. Volti karibu tatu zinapotea mahali pana upana wa kidole!

Akafungua boliti. Chini ya kitanzi kuna rangi. Gari liligongwa mbele, likanyooshwa, aliyepiga rangi akapulizia kila kitu, aliyefunga waya akaufunga juu ya rangi. Umeme ulikuwa unapita kwenye meno ya boliti tu. Mota ikidai kidogo unapita, ikidai makumi ya ampea kwa rivasi unakwama. "Haijawahi kugongwa", aliniambia muuzaji kwa jicho kavu.

Msasa hadi chuma kikang'aa, kitanzi kikasafishwa, boliti mpya, grisi juu ya yote kuzuia kutu. Kipimo kikasoma 0.05, nikizungusha 0.08.

Gharama: ufundi elfu sitini, shimo elfu kumi, dawa na grisi elfu ishirini na mbili, boliti bure. Mtori na nyama choma nimelipa mimi, na huyu jamaa anakula.

#24 Mama Wawili, saa 4:20 usiku

Hongera jamani! Fundi, na hiyo 0.1 ya mwanzo iliwadanganya vipi? Mimi kaka yangu alipima mwili wa gari tu.

#25 Waya Mweusi, saa 4:41 usiku

Haikudanganya dada, ilijibu swali ililoulizwa. Tuliuliza kama betri na mwili wa gari vinaelewana, ikasema ndiyo. Hatukuuliza kama mwili wa gari na kompyuta ya usukani vinaelewana. Ndiyo maana siku zote ncha ya mwisho naiweka kwenye waya wa kile kifaa chenyewe. Na lazima kifaa kiwe kinafanya kazi. Umeme usipopita, hata waya uliobaki na uzi mmoja unasoma vizuri.

#26 Dereva Mstaafu, saa 5:02 usiku

Vijana mnasoma magari kama vitabu. Sisi tulikuwa tunapiga nyundo.

#27 Rotari wa Njiro, wiki 4 baadaye, Jumapili, saa 11:15 jioni

Niko Moshi kwa mama mkwe. Kilomita 1,300 tangu siku ile ya shimo. Tuta la Tengeru nimelipanda kwa kushoto, kwa kulia, kwa nyuma. Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, matuta yote ya barabara hii nayajua kwa majina sasa. Kona za Kikafu nimeshuka nazo usukani mkononi kwa vidole viwili, mke wangu akaniambia nishike vizuri. Jana mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi nikawasha taa, waipa, AC, nikapaki na kutoka mara kumi hapa uani, mama mkwe anaangalia dirishani. Hakuna taa.

Mangi wa Spea, samahani kwa reki.

#28 Mangi wa Spea, saa 11:30 jioni

Hakuna shida, nimeshamuuzia mtu wa Dodoma. Na mafuta inakula vipi hiyo gari?

#29 Rotari wa Njiro, saa 11:32 jioni

Mangi, uzi ni wa usukani.